Kadi ya mama wa dagaa: pesa ilitokaje?

Mama huyu anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Wanunuzi wake wanatoka Shinyanga, Dar es Salaam, Rwanda na Kongo, na kwa sababu hiyo pesa yake nyingi siku hizi inapita benki. Sitamtaja jina, wala benki yake, wala mgahawa alikokula, kwa kuwa yaliyompata yangeweza kutokea kwenye benki nyingine na mgahawa mwingine wowote. Alinifuata kwa sababu niliwahi kufanya kazi ya kulinganisha miamala ya kadi na mashine za malipo, na kwa sababu ananiita mwanawe tangu nikiwa navaa kaptula.

Mambo yalikwenda hivi. Alhamisi mchana alimkaribisha mteja wake chakula huko Capri Point, sato wa kuchoma na ugali, bili ikawa shilingi 86,500. Alilipa kwa kugusisha kadi kwenye mashine. Mashine ikasumbua kidogo, lakini mwishowe risiti ikatoka. Simu yake ilikuwa imezima kwa kukosa chaji. Jioni, kama saa 11, akapanda haisi ya kwenda Igoma, imejaa hadi mlangoni, na kijana mmoja mwenye begi la mgongoni akabanana naye upande ule ule wa mkoba. Alipofika nyumbani na kuchaji simu, meseji mbili za benki zikaingia kwa mpigo, zote za shilingi 86,500. Kisha usiku wa kuamkia Jumamosi, saa 8, zikaingia nyingine mbili: dola 1, na dakika chache baadaye dola 149. Jumla ya hizo mbili za usiku ni karibu laki nne.

Asubuhi Mwaloni nzima ilikuwa na jibu. Kuna wezi wanapanda haisi na mashine za kuchanja kadi ndani ya mabegi, wanakusogelea, kadi yako inasomwa mkobani na pesa inaondoka. Mama akaliunganisha na yule kijana.

“Mwanangu,” aliniambia, “yule mtoto alikuwa na mashine. Kanakili kadi yangu, karudia ile bili ya mchana, halafu usiku kaja kumalizia.”

Benki nao walikuwa na jibu lao. Mhudumu wa kwanza aliyempokea alitazama skrini, akamwambia, “Mama yangu, miamala hii imefanyika kwa kadi yako mwenyewe. Labda kuna mtu nyumbani ulimpa.” Kauli hiyo ilimuumiza kuliko hasara. Ni mjane, anaishi na wajukuu, na alitoka pale akiwa amehisi kwamba wajukuu wake wameitwa wezi.

Majibu yote mawili hayakuwa sahihi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameangalia kumbukumbu za miamala yenyewe. Kila mara kadi inapotumika, mahali popote duniani, benki inabaki na rekodi inayosema kadi ilisomwa kwa njia gani, saa ngapi, kwenye mashine namba ngapi, na chipu ilijibu nini. Kisa hiki kilifumbuliwa na rekodi hizo.

Jumatatu tulikwenda pamoja tawini. Tulimpata dada mmoja wa kitengo cha kadi, mvumilivu, tukamwomba atusomee rekodi ya kila muamala: saa halisi, namba ya mashine, namna kadi ilivyosomwa, na namba ya kihesabu cha chipu, yaani hesabu ambayo chipu yenyewe inaiweka ya mara ilizotumika. Alishangaa kidogo kusikia mteja anauliza kihesabu, lakini alifungua faili akasoma.

Miamala miwili ya 86,500 ilifanyika kwenye mashine moja, ya mgahawa ule ule. Wa kwanza saa 7 na dakika 42 mchana, wa pili saa 7 na dakika 49. Yote miwili imeandikwa 07, yaani chipu ilisomwa bila kuchomekwa. Kadi ikichomekwa rekodi huandika 05, ikipitishwa utepe wa sumaku huandika 90. Kwa hiyo muamala wa pili ulikuwa umekwisha kufanyika zaidi ya saa tatu kabla mama hajakanyaga ngazi ya haisi. Meseji ndizo zilizochelewa, kwa sababu simu ilikuwa imezima, zikaja kuingia pamoja baada ya safari. Meseji zenyewe hazikuwa na saa ya muamala. Zilikuwa na kiasi, salio, na jina la mgahawa lililokatwa katikati.

Hapo kijana wa haisi alikuwa amekwisha kutoka kwenye hesabu ya mchana. Lakini mama aliuliza swali la maana, na nilitaka alijibiwe sawasawa: kama mtu aliweza kunakili kadi palepale mgahawani, je, hawezi kuurudia muamala baada ya dakika saba?

Hawezi, na sababu yake iko ndani ya kadi. Kadi hizi hazina betri. Ndani ya plastiki kuna chipu na waya mwembamba uliozunguka pembezoni. Mashine inatoa mawimbi ya megahezi 13.56, waya unapata umeme kutoka kwenye mawimbi hayo, chipu inaamka na mazungumzo yanaanza. Mashine inaipa chipu kiasi cha kulipwa, sarafu, tarehe, na namba moja ya kubahatisha ambayo chipu haikuijua kabla. Chipu inaongeza namba ya kihesabu chake, inachanganya vyote hivyo kwa ufunguo wa siri ambao hautoki nje ya chipu, na inatoa msimbo. Benki, yenye ufunguo unaolingana, inapiga hesabu ileile upande wake. Misimbo ikilingana, muamala ni wa kweli. Muamala unaofuata una kihesabu kipya na namba mpya ya kubahatisha, kwa hiyo msimbo ni mwingine kabisa. Aliyeunasa msimbo wa kwanza hewani ameshika risiti ya ushuru wa soko ya jana, ambayo haipitishi gunia la leo getini.

Utepe wa sumaku ndio uliokuwa ukinakiliwa, kwa sababu data zake hazibadiliki: ukizisoma mara moja unazo daima. Kampuni za Europay, Mastercard na Visa zilianza kutengeneza kiwango cha chipu miaka ya 1990 ili kukomesha wizi huo, na kadi ya kugusisha imejengwa juu ya kiwango hicho hicho, chipu ile ile. Wengi wanadhani kugusisha ni teknolojia legevu iliyowekwa kwa ajili ya wavivu wa kuandika namba ya siri. Sivyo. Kwa upande wa kunakiliwa, mama yuko salama zaidi akigusisha kuliko enzi zile za kupitisha utepe.

Sasa kihesabu. Dada wa kadi alisoma: muamala wa kwanza 61, wa pili 62. Kisha Jumamosi asubuhi mama alikuwa ametoa pesa ATM pale karibu na soko, kabla hajaziona meseji za usiku. Muamala huo ulikuwa 63.

Namba hizo tatu zilinifurahisha kuliko kitu kingine chochote siku ile. Kihesabu cha chipu kinaongezeka moja kila muamala unapoanzishwa, hata kama muamala wenyewe utakataliwa. Kwenye kadi yake kihesabu ni kimoja, iwe imegusishwa au imechomekwa. Kama mtu angeianzisha kadi ile kwa mashine ya begini kwenye haisi, au kwa mashine nyingine yoyote kati ya Alhamisi mchana na Jumamosi asubuhi, kihesabu kingeruka. Hakikuruka. Chipu haikufanya kazi hata mara moja kati ya mgahawa na ATM. Nilimwandikia mama namba hizo nyuma ya daftari lake la mizigo, 61, 62, 63, naye akazitazama kwa muda, akasema, “Basi yule mtoto wa watu nimemsingizia.”

Ilibaki kueleza kwa nini kulikuwa na 61 na 62 wakati bili ilikuwa moja.

Nilimwomba anisimulie tena mchana ule, polepole. Mhudumu alileta mashine mezani. Mama akagusisha. Mashine ikazunguka weee, ikaandika kwamba mawasiliano yameshindikana. Mhudumu akasema, “Mama, mtandao huku nje haushiki, ngoja nikaijaribu kaunta,” akachukua mashine pamoja na kadi, akaingia ndani. Akarudi baada ya dakika kadhaa na kadi na risiti. Mama hakuinuka, alikuwa na mgeni.

Kilichotokea mezani ni hiki. Mashine zile zinatumia laini ya simu kuwasiliana na benki. Ombi la malipo lilitoka, likafika benki, benki ikakubali na kuondoa 86,500 kwenye salio, lakini jibu la kukubali halikurudi hadi kwenye mashine. Kwa mashine, muamala umeshindwa. Kwa benki, umefanikiwa. Mashine inatakiwa itume taarifa ya kufuta mara inapopata mtandao, na kwa kawaida inatuma, lakini siku ile taarifa hiyo haikufika. Kule kaunta mtandao ukashika, muamala wa pili ukapita wote, risiti ikatoka. Jioni mgahawa ulipofunga mahesabu ya mashine, orodha yao ilikuwa na mauzo moja tu ya 86,500. Ile ya kwanza haikudaiwa na mtu yeyote. Ilikuwa imeshikiliwa tu kwenye akaunti, na benki iliiachia. Tulipokuwa pale tawini ilikuwa bado haijarudi; ilirudi katikati ya wiki, na ingerudi hata kama mama asingelalamika.

Kwa hiyo muamala uliomfanya mama aamini kwamba kadi imenakiliwa haukuwa wizi. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakigombana hadi kushikana mashati na wahudumu kwa jambo hili hili. Mashine ikisema imeshindwa, omba karatasi yake ya kushindwa kabla hujagusisha tena. Mashine nyingi zinaitoa, na inaokoa ugomvi mrefu. Njia ya pili ni kutazama salio kwenye simu kabla ya kurudia, ambayo mama hakuweza kwa kuwa simu ilikuwa imezima.

Zile dola 150

Miamala ya usiku ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Rekodi hazikuwa na 07 wala 05 wala kihesabu, kwa sababu chipu haikuhusika. Ulikuwa ununuzi wa mtandaoni kwa muuzaji aliye nje ya nchi. Mtu alijaza namba ya kadi, tarehe ya kuisha, na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Dola 1 ilikuwa ya kupima kama kadi ni hai. Ni desturi ya wezi wa aina hii, wanatupa kiasi kidogo, kikipita wanaleta kikubwa. Dola 149 ndiyo iliyokuwa shabaha.

Dada wa kadi alituonyesha kitu kingine: zile tarakimu tatu zilijazwa sawasawa, zikalingana. Hili ndilo lililonifanya niache kabisa kufikiria mawimbi. Ni kweli kwamba simu yenye uwezo wa kusoma kadi, ikisogezwa karibu kabisa, inaweza kupata namba ya kadi na tarehe ya kuisha kutoka kwenye chipu. Uingereza mwaka 2015 shirika la watumiaji la Which? lilijaribu, likasoma data hizo kwenye kadi za watu waliojitolea, na likafanikiwa kununua vitu mtandaoni kwa wauzaji ambao hawakuuliza zaidi ya hapo. Lakini zile tarakimu tatu zilizochapishwa nyuma hazimo kwenye chipu. Hazitoki kwa mawimbi, hata kifaa kiwe kizuri kiasi gani. Zinatoka kwa macho, au kwa kamera. Aliyefanya ununuzi ule alitumia taarifa za mtu aliyeiona kadi ya mama mbele na nyuma.

Nilimuuliza mama, kadi hii imetoka mkononi mwako lini mara ya mwisho? Hakuwa amewahi kununua kitu mtandaoni, wala kumtajia mtu namba kwa simu. ATM haimpi mtu nafasi ya kuisoma. Nyumbani inakaa kwenye kanga ndani ya sanduku lenye kufuli. Iliwahi kuondoka machoni pake mara moja wiki ile: dakika zile chache za kaunta.

Sitamwita mhudumu yule mwizi. Kaunta ya mgahawa ni mahali pa watu wengi: mtunza fedha, wahudumu wengine, wateja wanaosubiri vinywaji, fundi aliyekuja kurekebisha friji. Kadi iliyolala juu ya kaunta inapigwa picha mbili za simu kwa sekunde chache, na aliyepiga anaweza kuwa mtu ambaye mhudumu mwenyewe hakumwona. Aliyenunua naye huenda ni mtu mwingine, mbali na Ziwa Victoria, aliyeuziwa picha hizo. Tuliripoti polisi, tukapewa RB, yaani namba ya taarifa yetu kwenye kitabu chao, na mgahawa ulisema kamera yao huwa inafuta picha za zamani. Kwa hiyo sina jina, na sipendi kumpa mtu jina kwa kukisia. Hilo ndilo kosa alilofanyiwa kijana wa haisi.

Lakini nalaumu utaratibu. Mashine zile zimetengenezwa kubebeka. Hakuna sababu ya kadi kutembea wakati mashine inaweza kutembea. Na hapa ndipo kugusisha kunapoingia kwa ubaya wake wa kweli. Malipo ya kiasi kidogo kwa kugusisha hayaombi namba ya siri. Kama ule muamala wa pili ungehitaji namba ya siri, mhudumu asingeweza kwenda na kadi peke yake; angelazimika kurudi mezani, au mama angeinuka. Kugusisha kulimwondolea mwenye kadi ulazima wa kuwepo. Yeyote anayeishika kadi anaweza kulipa nayo, mpaka kiwango kilichowekwa. Huo ndio udhaifu wake wa kila siku, hauhitaji fundi wala kompyuta.

Nchi nyingine zimeuwekea mipaka. Uingereza ilipoanza mwaka 2007 kiwango kilikuwa pauni 10 kwa muamala. Kikapanda hatua kwa hatua, kikawa pauni 45 mwaka 2020 na pauni 100 mwaka 2021. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliongeza ulinzi wa aina nyingine: ukigusisha mfululizo mpaka jumla ivuke yuro 150, au mara tano, kadi inaomba namba ya siri. Nauona utaratibu huo wa jumla kuwa bora kuliko kiwango cha muamala mmoja, kwa sababu mwizi aliyeokota kadi hukata vipande vidogo vidogo. Mwenye kadi hapa Mwanza anayo haki ya kuiuliza benki yake kiwango chake ni kipi na kinahesabiwaje. Mama aliuliza, na tangu hapo kiwango chake kimeshushwa kwa ombi lake.

Je, hadithi ya haisi ni uongo mtupu?

Watu wa Mwaloni waliniuliza hivyo, na nisingependa watoke na jibu la nusu.

Mwizi wa begi ana shida tatu. Ya kwanza ni umbali: kadi hizi zimekusudiwa kusomwa kwa sentimita chache. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Ilan Kirschenbaum na Avishai Wool, walitengeneza kifaa cha kusoma kadi za aina hii kwa takriban sentimita 25, chenye antena kubwa ya mzunguko. Inawezekana, basi, lakini si kwa mashine ndogo ya dukani. Ya pili ni kadi kukaa pamoja: ukiwa na kadi mbili za kugusisha kwenye pochi moja, mashine ya malipo inaziona zote na kukataa. Ya tatu ndiyo kubwa. Mashine ya malipo ni ya mfanyabiashara aliyesajiliwa, na pesa inaingia kwenye akaunti yake benki, yenye jina, kitambulisho na namba ya mlipa kodi. Mwizi wa namna hiyo anaacha anwani yake kwenye kila muamala, na malalamiko matano ya namba moja ya mashine yanatosha kumfungia akaunti kabla hajatoa pesa.

Kinachonitisha ni kingine. Mwaka 2005 Gerhard Hancke wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba mazungumzo ya kadi na mashine yanaweza kurushwa: kifaa kimoja karibu na kadi, kingine karibu na mashine, na vyote viwili vikipashana habari kwa redio umbali wa mita 50. Kadi inadhani iko karibu na mashine. Msimbo ni halisi, kihesabu ni halisi, hakuna kilichonakiliwa, na hesabu zote za benki zinakubali. Mwaka 2020 watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walitumia simu mbili za Android kwa njia hiyo, na kati ya simu hizo mbili wakabadilisha taarifa fulani ya kadi za Visa ambayo haikuwa imefungwa kwa msimbo, mashine ikaamini kwamba namba ya siri haihitajiki hata kwa kiasi kikubwa. Huo ulikuwa udhaifu wa kile kiwango cha chipu chenyewe, na walieleza namna ya kuurekebisha.

Kisha ikatoka maabara ikaingia mtaani. Mwaka 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilieleza programu hasidi iliyoiita NGate, iliyotumika dhidi ya wateja wa benki za Ucheki. Mteja anapata ujumbe, kisha anapigiwa simu na mtu anayejifanya wa benki, anaambiwa akaunti yake iko hatarini, anapewa kiungo cha kupakua programu. Programu inamwomba aandike namba yake ya siri na kuweka kadi nyuma ya simu yake mwenyewe ili “ihakikiwe”. Wakati kadi imelala pale, simu yake inarusha mazungumzo ya chipu hadi simu ya mwizi aliyesimama mbele ya ATM. Pesa inatoka kwenye ATM hiyo wakati kadi iko sebuleni kwa mwenyewe.

Nililieleza hili kwa kirefu pale Mwaloni, kwa sababu sisi tunaijua nusu yake ya kwanza. Nani hapa hajapata ile meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii”? Nani hajapigiwa na mtu anayesema ni wa huduma kwa wateja? Mazingira tayari yapo, na simu za Android zenye uwezo wa kusoma kadi zinauzwa kila duka la Makoroboi. Na mtu akinaswa kwa njia hii, rekodi zitamkataa: chipu halisi, namba ya siri sahihi, kihesabu kimefuatana vizuri. Yale yaliyomwokoa mama kwenye kisa hiki yangemhukumu kwenye kisa hicho. Ndiyo maana niliwaambia jambo moja kwa sauti kubwa: hakuna mfanyakazi wa benki atakayekuambia uweke kadi yako nyuma ya simu yako ili ihakikiwe. Anayesema hivyo, kata simu.

Jioni ile kijana mmoja alikuwa akiuza vifuko vya karatasi ya fedha vya kuhifadhia kadi, shilingi 5,000 kimoja, na biashara ilikuwa nzuri. Karatasi ya chuma kweli inazuia mawimbi yale. Lakini kifuko hicho kisingezuia hata shilingi moja kati ya zilizoondoka kwa mama. Kadi ilikuwa nje, juu ya kaunta, inatazama kamera.

Madai yalivyokwenda

Kwa zile dola 150 mama alijaza fomu ya kupinga muamala, kadi ikafungwa, akapewa mpya yenye namba tofauti. Nilimsaidia kuandika maelezo, na niliyaweka kwenye mambo mawili. La kwanza, muamala haukuwa na chipu wala namba ya siri. La pili, muuzaji hakuomba uthibitisho wa OTP, ile namba ya kutumika mara moja ambayo benki ingeituma kwenye simu ya mama. Hilo la pili lina uzito mkubwa: kanuni za mitandao ya kadi zinasema muuzaji wa mtandaoni asipoomba uthibitisho huo, hasara ya udanganyifu kwa kawaida inabaki upande wake, si upande wa benki ya mteja. Kwa hiyo benki haikuwa na sababu ya kumbana mama, ilikuwa na sababu ya kudai. Nilipenda pia wateja wajue kwamba madai mengi ya namna hii yana ukomo wa siku 120. Mtu anayekaa na hasira yake nyumbani miezi mitano anaipoteza haki kimyakimya.

Pesa ilirudi baada ya majuma kadhaa. Kama isingerudi, tungekwenda Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mwanza na inapokea malalamiko ya wateja ambao benki zao zimeshindwa kuwajibu.

Bado kuna jambo moja ambalo sijaridhika nalo, na nililiandika kwenye barua tuliyoiacha kwa meneja wa tawi. Meseji ya benki ingekuwa na saa halisi ya muamala, na maneno mawili tu ya kueleza namna kadi ilivyotumika, “imegusishwa” au “mtandaoni”, mama angejua usiku ule ule kwamba kijana wa haisi hahusiki, na kwamba kadi inapaswa kufungwa upande wa mtandaoni mara moja. Taarifa hizo benki inazo kwa kila muamala, sekunde ile ile. Mama alilazimika kuja na mtu anayejua cha kuuliza ndipo akasomewa. Wauza dagaa wangapi pale Kirumba wana mtu huyo? Na mhudumu wa kwanza angezisoma kabla ya kufungua mdomo, asingetaja watu wa nyumbani kwa mjane.

Meneja alitupokea vizuri, akasema barua itapelekwa makao makuu. Mama naye amezima malipo ya mtandaoni kwenye programu ya benki, amezikariri zile tarakimu tatu na kuzibandikia karatasi, na anapokula na wateja wake anasema mapema, kabla ya kuagiza: “Mwanangu, mashine ije hapa mezani. Kama mtandao haushiki, nitakufuata.”